KIPIMO CHA DAMU CHA INI NACHO HUPIMWA



Mara nyingi katika safu hii tunajifunza juu ya ugonjwa. Leo tutajifunza juu ya kipimo. Siku hizi wagonjwa wengi wanarudi kutoka hospitali wakiwa na karatasi yenye tarakimu. Wanafika zahanati wanauliza: "Damu yangu imechukuliwa ili kuangalia ini. Tarakimu hizi zinasema nini? Je, ni za kweli?"

Swali la pili ndilo zuri zaidi. Watu wengi huogopa kuliuliza. Wanadhani kitu kilichotoka katika mashine hakiwezi kukosea. Soma pole pole, na ukifika penye hesabu chukua kalamu na karatasi.

INI NA MAKOVU YAKE

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Linasafisha damu, linatunza chakula cha mwili, na linatengeneza vitu vinavyosaidia damu kuganda mtu akijikata. Kazi ni nyingi, lakini ini ni kimya. Linaweza kuumia miaka mingi bila mtu kusikia maumivu.

Angalia mkono wa mtu aliyeungua moto akapona. Pale palipoungua pana kovu. Ngozi ya kovu ni ngumu, haivutiki kama ngozi nzima. Ini nalo ni hivyo hivyo. Likiumizwa, linajiponya. Likiumizwa tena na tena, linaweka makovu. Waganga huita makovu hayo fibrosisi. Makovu yakienea ini zima, ini linakuwa gumu na lenye vinundu. Hapo tunasema ini limekauka, na waganga huita sirosisi. Damu inashindwa kupita vizuri ndani yake. Tumbo laweza kujaa maji. Mishipa ya koo la chakula inavimba, na mtu aweza kutapika damu. Mtu akitapika damu, usingoje asubuhi. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Kinachoumiza ini ni nini? Kuna virusi vya homa ya ini, hasa aina ya B na aina ya C. Kuna pombe nyingi kwa miaka mingi. Kuna mafuta yanayojaa katika ini, hasa kwa watu wanene na wenye kisukari. Kwa sisi tunaokaa kando ya Ziwa Victoria, kuna kichocho cha tumbo. Nitakirudia kichocho hapo mbele, maana makovu yake ni ya namna yake.

Makovu yakijulikana mapema, yanaweza kuzuiwa yasiendelee. Mwenye homa ya ini B anaweza kupewa dawa, kama vile tenofovir, ambayo ni kidonge kimoja kila siku. Lakini si kila mwenye virusi hivyo anahitaji kuanza dawa leo. Mganga anataka kujua kwanza: je, ini limeshaanza kuwa na makovu?

NJIA ZA KULICHUNGULIA INI

Njia ya zamani ni kuchoma sindano ndefu kati ya mbavu na kutoa kipande kidogo cha ini. Kipande hicho huangaliwa kwa hadubini. Njia hii inasema mengi, lakini yaweza kusababisha damu kuvuja ndani. Tena kipande hicho ni kidogo sana. Ukilinganisha na ini zima, ni kama sehemu moja katika sehemu 50,000. Mtu aweza kuchomwa mahali penye nafuu, na penye makovu pakaachwa.

Njia nyingine ni mashine inayotuma mtikisiko mdogo kupitia ngozi na kupima ugumu wa ini. Haina maumivu. Lakini ni ghali, nayo haipatikani katika zahanati zetu.

Ndiyo sababu wataalamu wanatafuta jibu katika damu. Damu inachukuliwa mkononi, inatiwa katika kichupa, na kichupa chaweza kusafirishwa kwa pikipiki. Maabara wanaizungusha katika mashine mpaka majimaji ya njano yanajitenga juu. Kisha wanayachanganya na kitendanishi.

Kitendanishi ni dawa ya kupimia. Hainywewi wala haitibu. Kazi yake ni kukutana na kitu fulani kilicho katika damu, kisha kuonyesha dalili. Pengine rangi inabadilika, au mwanga unaopita katika kichupa unaongezeka au kupungua. Mashine inausoma mwanga huo na kuandika tarakimu.

Viko vitendanishi vinavyotafuta vitu vinavyohusika na makovu yenyewe, kama asidi ya hialuroni, ambayo huzidi katika damu wakati makovu yanajengwa. Kwa mfano, kipimo kimoja kinachounganisha vitu vitatu vya namna hiyo kiliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 2021. Vitendanishi hivyo ni ghali. Katika nchi kama zetu tunatumia zaidi njia ya bei nafuu, inayoitwa hesabu ya APRI. Hiyo ndiyo tutakayojifunza.

TUFANYE HESABU

APRI inahitaji vitu viwili kutoka katika damu.

Cha kwanza kinaitwa AST. Hiki kimo ndani ya chembe za ini. Chembe zikiumia, kinavujia katika damu. Maabara hukipima kwa kitendanishi.

Cha pili ni chembe sahani. Hizi ni chembe ndogo za damu zinazosaidia damu kuganda. Ini likiwa na makovu mengi, damu inarudi nyuma na kujaa katika wengu. Wengu unavimba na kuzizuia chembe sahani. Basi katika damu ya mkononi zinaonekana chache.

Kwa hiyo: AST ikipanda na chembe sahani zikishuka, tunashuku makovu. Hesabu yenyewe ni hii. Chukua AST ya mgonjwa. Igawanye kwa kikomo cha juu cha AST ya mtu mzima wa afya, kama kilivyoandikwa katika karatasi. Zidisha kwa 100. Kisha gawanya kwa chembe sahani.

Mfano: AST ya mgonjwa ni 48. Kikomo cha juu ni 40. Chembe sahani ni 300. Gawanya 48 kwa 40, unapata 1.2. Zidisha kwa 100, unapata 120. Gawanya 120 kwa 300, unapata 0.4. APRI ya mtu huyu ni 0.4.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa homa ya ini B. Unasema kuwa APRI ikizidi 0.5 kwa mtu mzima, yafaa kushuku makovu yenye maana. Ikizidi 1, yafaa kushuku kuwa ini limekauka. Mtu wetu ana 0.4, hivyo yuko chini ya mpaka.

Lakini mpaka huo umetoka wapi? Nani alisema 0.5 na si 0.9?

MIZANI YA PAMBA

Wakulima wa pamba mnaifahamu mizani. Ukipeleka mzigo wako kwenye chama cha ushirika, mizani ndiyo inayosema utalipwa kiasi gani. Je, utajuaje kwamba mizani ni ya haki? Kuitazama tu hakutoshi. Unachukua jiwe la kupimia ambalo uzito wake unajulikana, tuseme kilo 20. Unalining'iniza. Mizani ikisema 20, ni vema. Ikisema 18, mkulima anaibiwa. Kisha unalipima tena na tena. Leo 20, kesho 22, kesho kutwa 19: mizani hiyo haina msimamo, hata kama siku moja ilisema kweli.

Kitendanishi nacho hupimwa kwa namna hiyo. Wataalamu wa maabara wana damu maalum ambayo kiasi cha AST yake kinajulikana. Hiyo ndiyo jiwe lao la kilo 20. Kila siku, kabla ya kupima damu za wagonjwa, wanaanza na hiyo. Jibu likitoka nje ya kiwango, kazi inasimama mpaka sababu ijulikane. Pengine kitendanishi kimepitwa na muda. Pengine umeme ulikatika usiku na jokofu likapata joto. Vitendanishi vingi vinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za joto. Vikipata joto vinaweza kupoteza nguvu. Chupa kwa macho ni ile ile na karatasi iliyobandikwa ni ile ile, lakini tarakimu inayotoka si ya kweli. Mtaalamu wa maabara anayekataa kutoa majibu siku hiyo anakulinda. Usimlaumu kwa kukurudisha nyumbani bila jibu.

Hiyo ni kazi ya kila siku. Lakini iko kazi kubwa zaidi, inayofanywa kabla ya kipimo kuruhusiwa. Katika pamba tulitaka kujua uzito tu. Hapa tunataka kujua makovu. Tarakimu ya AST yaweza kuwa sahihi kabisa, na bado isiseme kweli juu ya ini. Kwa hiyo wataalamu wanakusanya watu ambao maini yao yameshachunguzwa kwa njia nyingine inayoaminika, yaani kwa sindano au kwa ile mashine ya mtikisiko. Wanawapima wote damu. Kisha wanalinganisha.

Kipimo chaweza kukosea kwa njia mbili. Njia ya kwanza, mtu ana makovu na kipimo kinamwambia hana. Anarudi nyumbani kwa furaha, na ini linaendelea kuharibika. Njia ya pili, mtu hana makovu na kipimo kinamwambia anayo. Anauza mbuzi, halali usiku, pengine anaanza dawa asiyoihitaji.

Wavuvi wataelewa jambo hili haraka. Wavu wenye macho makubwa unapitisha samaki wengi. Wavu wenye macho madogo unakamata wote, pamoja na wale usiowataka na takataka. Mpaka wa kipimo ni kama macho ya wavu. Ukiuweka juu sana, wagonjwa wanapita. Ukiuweka chini sana, unakamata na wazima. Hakuna wavu unaokamata unachotaka peke yake. Anayekuambia kuwa kipimo chake hakikosei hata kidogo, mwulize amekipima kwa watu gani.

WAVU ULIOSHONWA MBALI

Hesabu ya APRI ilibuniwa Marekani na kutangazwa mwaka 2003. Watu waliopimwa huko walikuwa na homa ya ini C. Baadaye ikatumiwa duniani kote, hata kwa homa ya ini B. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliosema kwamba kwa mtu mzima mwenye homa ya ini B, APRI ikizidi 2 ihesabiwe kuwa alama ya ini lililokauka, na mtu huyo aanze dawa.

Nchi nyingi za Afrika zilikuwa hazina mashine nyingine. Basi tarakimu hiyo ya 2 ikawa mlango. Aliyezidi 2 aliingia. Aliyekuwa chini yake angeweza kuambiwa angoje.

Wataalamu wa Afrika na wenzao wa nchi nyingine wakaungana kuupima mlango huo. Walikusanya habari za watu 3,548 wenye homa ya ini B katika nchi 8 za Afrika, kusini ya jangwa la Sahara. Watu hao walikuwa hawajaanza dawa, na maini yao yalikuwa yamepimwa kwa mashine ya mtikisiko. Majibu yalitolewa mwaka 2023. Walipotumia mpaka wa 2, kipimo kiliwatambua watu 16 au 17 tu katika kila watu 100 waliokuwa na ini lililokauka.

Soma tena sentensi hiyo. Katika kila watu 100 ambao maini yao yamekauka, zaidi ya 80 walipita katika macho ya wavu.

Hapa kitendanishi hakikuwa kibovu. Maabara pia hazikuwa zimekosa. Mpaka ndio uliokuwa haufai kwa watu hawa. Wataalamu hao walishauri mpaka ushushwe sana. Mwaka uliofuata, yaani 2024, Shirika la Afya Duniani likaushusha kutoka 2 hadi 1 kwa ini lililokauka, na likaweka 0.5 kwa makovu yenye maana. Kwa maoni yangu, hili ni jambo la kujivunia. Damu za watu wa kawaida wa Afrika, waliokubali kupimwa na kuandikwa, zilibadili mwongozo wa dunia nzima. Kwa hiyo watafiti wakija kijijini na kuomba damu, waulizeni maswali yote mnayotaka: wanatafuta nini, damu itakwenda wapi, majibu mtapewa lini. Mkiridhika, msikatae kwa hofu tu.

MAWE NA UNGA

Liko jambo jingine ambalo msomaji yampasa kulijua, maana wauzaji wa vipimo hulipenda.

Tuseme mtu anataka kukuuzia chekeche. Anachukua unga, anautia mawe, anachekecha mbele yako. Mawe yote yanabaki juu, unga wote unapita. Anasema, "Tazama, halikosei!" Lakini wewe nyumbani hutenganishi mawe na unga. Unatenganisha chenga na unga. Hiyo ndiyo kazi ngumu.

Kuna watu wanaokijaribu kitendanishi hivyo hivyo. Wanachukua upande mmoja wagonjwa mahututi wenye matumbo yaliyojaa maji. Upande wa pili wanachukua vijana wenye afya. Kipimo kinawatenganisha vizuri sana. Lakini mgonjwa mwenye tumbo la maji hahitaji kitendanishi ili ajulikane. Hata jirani yake anajua. Tunayetaka kumjua ni yule anayelima na kuvua samaki kama kawaida, na makovu yameanza kimya kimya. Kipimo kikishindwa kwa huyo, hakijatusaidia kitu.

Kwa nchi yetu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ndiyo yenye kazi ya kusajili vitendanishi na kuvikagua.

DAMU ILE ILE, JIBU JINGINE

Rudia hesabu yetu ya kwanza. AST ni 48, kikomo ni 40, chembe sahani ni 300. Tulipata 0.4.

Sasa mtu huyo huyo anakwenda maabara nyingine. Kitendanishi chao kimetoka kiwanda kingine, na kikomo chao cha juu ni 30. Gawanya 48 kwa 30, unapata 1.6. Zidisha kwa 100, ni 160. Gawanya kwa 300, unapata 0.53. Amevuka mpaka wa 0.5! Ini halikubadilika, wala AST haikubadilika. Kilichobadilika ni kikomo. Kwa hiyo ukipimwa mara ya pili, jitahidi upimwe maabara ile ile. Ikishindikana, beba karatasi ya zamani.

Malaria nayo huvuruga kipimo hiki. Malaria hupunguza chembe sahani, mara nyingine sana. Mama mmoja wa makamo alifika zahanati kwetu na karatasi mkononi. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ya chini, akasema, "Marahaba, mwanangu. Wameniambia ini langu limekufa. Nimekuja kuuliza nimebakiwa na muda gani."

Nilisoma karatasi. AST 66, kikomo 40, chembe sahani 110. Nikafanya hesabu mbele yake. 66 kwa 40 ni 1.65. Mara 100 ni 165. Gawanya kwa 110, ni 1.5. Kweli ilikuwa juu ya mpaka. Lakini nilipofungua daftari lake nikaona kwamba siku mbili kabla ya damu ile kuchukuliwa, alikuwa amepimwa malaria na kukutwa nayo.

Nikamwuliza, "Mama, huko ulikopimwa ini, uliwaambia kuwa unaumwa malaria?"

Akasema, "Hawakuniuliza. Nami niliona malaria ni kitu kidogo mbele ya ini."

Alimaliza dawa ya malaria. Baada ya wiki sita alirudi hospitali akapimwa tena. AST 32, chembe sahani 240. Fanya hesabu mwenyewe, msomaji. Utapata 0.33. Mama huyu bado ana virusi vya homa ya ini B, hilo ni kweli, naye anahudhuria kliniki yake bila kukosa. Lakini ini lake halijakauka. Mbuzi wake yuko zizini.

Malaria si peke yake. AST imo pia katika misuli. Mtu aliyelima kwa nguvu siku nzima, au aliyebeba magunia, anaweza kuonyesha AST kubwa kuliko kawaida. Pombe ya jana nayo yaweza kuipandisha. Dawa za hospitali na dawa za miti shamba pia, baadhi yake huumiza ini. Hata namna ya kuchukua damu inahusika: damu ikisukumwa kwa nguvu katika sindano, chembe nyekundu zinapasuka na kumwaga AST yake. Ndiyo sababu maabara wakiona majimaji yamekuwa mekundu, huomba damu nyingine. Usidhani wanaiuza damu yako.

Basi kabla ya kupimwa, mwambie mganga: nimeugua malaria juzi, nimekunywa pombe, nimefanya kazi nzito, ninatumia dawa hizi. Mambo hayo hayaonekani katika kichupa. Wewe peke yako ndiye unayeyajua.

KIPIMO CHA MNADANI

Siku ya mnada utawakuta watu wenye vimashine wanaosema kuwa wanapima ini la kila mtu, na dawa ya kusafisha ini wanayo hapo hapo. Tuache habari ya vimashine vyao, ambavyo wengine hawachukui hata damu. Tuseme wana kitendanishi kizuri. Bado kupima kila mtu mnadani ni hasara. Nitakuonyesha kwa hesabu ya mfano tu.

Tuseme wamekuja watu 1,000, na wenye makovu kati yao ni 20. Kipimo ni kizuri: kinawatambua 18 kati ya hao 20. Kwa wazima, kinakosea kwa mtu 1 katika kila watu 10. Wazima ni 980. Basi wazima 98 wataambiwa wana makovu. Jumla ya walioambiwa ni 98 na 18, yaani 116. Katika watu 116 walioogopeshwa, wagonjwa wa kweli ni 18 tu.

Kipimo hicho hicho kikitumiwa hospitali, kwa watu ambao tayari wamejulikana kuwa na virusi, majibu yake yana thamani zaidi, maana wenye makovu ni wengi kati yao. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwa mtu mwenye wasiwasi ni kupimwa virusi vya homa ya ini B. Hesabu ya makovu inafuata baadaye, kwa wale watakaokutwa navyo.

KICHOCHO KINA NJIA YAKE

Nilisema nitarudi kwa kichocho. Mtu huingiwa na vijidudu vya kichocho kupitia ngozi akiwa ndani ya maji ya ziwa, mto au bwawa lenye konokono wa kichocho. Minyoo huishi katika mishipa ya damu ya tumbo na kutaga mayai. Mayai mengi huchukuliwa na damu na kukwama katika ini. Makovu yanajengwa kuzunguka mishipa inayoingiza damu katika ini. Wengu unavimba, na mtu aweza kutapika damu kama yule mwenye ini lililokauka.

Lakini hapa chembe za ini zenyewe huwa zimeumia kidogo tu. Kwa hiyo AST yaweza kuwa ya kawaida kabisa. Chembe sahani ndizo zinazoshuka, kwa sababu ya wengu. Ukifanya hesabu ya APRI, jibu laweza kukupotosha. Mvuvi wa Ukerewe mwenye AST nzuri asiambiwe "ini lako zima" kwa sababu hiyo tu, hasa kama wengu wake unashikika kwa mkono. Yeye anahitaji choo chake kupimwa mayai, na tumbo lake kutazamwa kwa ultrasaundi. Ultrasaundi inaonyesha mishipa ya ini iliyozungukwa na makovu. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, nayo inaua minyoo. Ikitumiwa mapema, makovu yaweza kupungua. Akirudi kuoga na kuvua katika maji yale yale, huweza kuambukizwa tena, hivyo atahitaji dawa tena.

Wako pia wenye mambo mawili pamoja, kichocho na homa ya ini B. Hao wasihukumiwe kwa tarakimu moja.

Kwa watoto, chanjo ya homa ya ini B imo katika chanjo ya pamoja wanayopewa kliniki wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Mama asikose siku hizo hata kama ni msimu wa kilimo.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Mzee ana AST 90. Kikomo cha juu ni 45. Chembe sahani ni 160. APRI yake ni ngapi? Je, imezidi mpaka wa 0.5? Imezidi 1?

2. Mzee huyo anasema juzi alibeba magunia ya mpunga kutwa nzima, na jana alikuwa na homa. Ungemshauri afanye nini kabla ya kuamini jibu hilo?

3. Katika kijiji chenu, ni kosa lipi la kipimo lenye hasara kubwa zaidi: kumwambia mgonjwa kuwa ni mzima, au kumwambia mzima kuwa ni mgonjwa? Gawanyikeni makundi mawili mbishane. Mwandishi wa darasa aandike sababu za kila upande, na mzilete zahanati siku ya kliniki tuzisome pamoja.